Dąbrowski, Dombrowski, Dambroski: nilivyoufuata ukoo wa wakwe zangu kutoka Chicago hadi Polandi

Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1910, baba wa babu yake mume wangu anaitwa Albert Dambroski. Kadi yake ya kujiandikisha jeshini, ya Septemba 1918, inamtaja Adalbert Dumbrosky. Sensa ya 1920 inamwita Dembrowski, kaburi lake limeandikwa Dombrowski, na vitukuu wake leo wanajiandika Dombrosky. Ni mtu mmoja huyo, mke yuleyule, watoto walewale, upande uleule wa kusini wa jiji la Chicago. (Jina halisi la wakwe zangu nalihifadhi kwa heshima yao. Mahali pake nimeweka Dąbrowski, mojawapo ya majina yaliyoenea sana Polandi, kwa sababu vikwazo vyake ni vilevile tulivyokutana navyo.)

Mimi ni mzaliwa wa Arusha, nimeolewa huku Illinois. Upande wangu wanangu hutajiwa ukoo wao vizazi kadhaa bila mtu kufungua karatasi yoyote. Bibi yao akianza, husimama pale tu anapochoka. Upande wa baba yao palikuwa na picha moja ya harusi na hadithi moja. Hadithi yenyewe ni kwamba babu alipofika Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, ofisa wa uhamiaji alishindwa kulitamka jina lake akaliandika anavyojua yeye, na tangu siku hiyo jina la kweli likapotea. Shangazi yake mume wangu aliisimulia kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo.

Nimekuja kujua kwamba familia nyingi za Kimarekani zenye asili ya Ulaya zinayo hadithi hiyohiyo, na kwamba haina ukweli. Kituo cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Maofisa wake hawakuwa wakiwaandika watu majina. Mezani kwao palikuwa na orodha ya abiria iliyokwisha kuandaliwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia, Hamburg, Bremen au bandari nyingine, na wao kazi yao ilikuwa kuita, kuuliza na kulinganisha majibu na kilichoandikwa. Wakalimani walikuwepo. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alikuwa mmoja wao kuanzia 1907 hadi 1910. Majina yalibadilika kabla ya meli kung'oa nanga, au miaka mingi baadaye ndani ya Marekani kwenyewe, ambako mtu mzima aliweza kuanza kutumia jina jipya bila kukanyaga mahakamani, ilimradi hana nia ya kutapeli.

Nalisisitiza hili kwa sababu hadithi ya Ellis Island inakatisha tamaa bure. Inamwambia mjukuu kwamba jina lilifutwa na mtu mmoja, siku moja, na hakuna tena la kufuata. Ukweli ni kwamba jina liliandikwa mara nyingi, na watu wengi, kila mmoja kwa lugha yake na sikio lake. Kila aliyeliandika kaacha alama. Tangu nilipolielewa hilo, swali langu mbele ya kila karatasi likabadilika. Niliacha kuuliza jina sahihi ni lipi, nikaanza kuuliza: aliyeshika kalamu hapa ni nani, alizoea kuandika lugha gani, na alisikia nini?

Baba yangu ndiye aliyeniuliza swali lililonifungua macho zaidi. Nilimpigia simu Arusha, kama kawaida yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko? Na wale wazee wa mumeo umewafikisha wapi? Ulisema ni Warusi?"

"Sensa ndiyo inayosema Urusi, baba. Lakini mke wake wamemwandika Ujerumani."

"Sasa Mrusi kaoa Mjerumani, halafu watoto wakawa Wapolandi? Hebu nieleze vizuri."

Ilibidi nijieleze vizuri, na kwa kueleza nikaelewa mwenyewe. Polandi ilifutwa kwenye ramani kwa awamu tatu, 1772, 1793 na 1795, ikagawanywa baina ya Urusi, Prusia (ufalme wa Kijerumani) na Austria. Haikurudi kuwa nchi huru hadi 1918. Kwa hiyo Mpolandi aliyeshuka New York mwaka 1903 hakuwa na nchi iitwayo Polandi ya kuitaja. Alikuwa raia wa mfalme wa Urusi, wa Ujerumani au wa Austria, na ndivyo alivyoandikwa. Sensa ya 1910 iliwaagiza makarani waongeze lugha ya mtu pembeni ya nchi yake, na ndiyo maana kwenye mstari wa babu utasoma Urusi na Kipolandi, na kwa bibi Ujerumani na Kipolandi. Karani hakukosea. Alituambia jambo kubwa kuliko tulivyodhani: babu na bibi walizaliwa pande mbili za mpaka ambao leo haupo, kwa hiyo kumbukumbu zao zimo katika madaftari ya aina mbili tofauti kabisa.

Upande wa Prusia, ofisi za serikali zilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwezi Oktoba 1874, kwa Kijerumani. Upande wa Austria, mapadri waliandika kwa Kilatini katika majedwali. Upande wa Urusi, ulioitwa Ufalme wa Polandi, utaratibu ulikuwa wa enzi za Napoleon: kila kizazi kinaandikwa kama hadithi fupi, sentensi ndefu moja au mbili. Hadi 1868 hadithi hiyo iliandikwa kwa Kipolandi. Baada ya uasi wa Januari 1863 kuzimwa, Kipolandi kikaondolewa, na kuanzia 1868 padri akalazimika kuandika kwa Kirusi, kwa herufi za Kirusi. Hebu fikiria mtoto wa Kipolandi anabatizwa na padri wa Kipolandi, anaandikwa kwa Kirusi, anapanda meli kwa orodha iliyoandikwa na karani wa Kijerumani, kisha anahesabiwa na karani wa Kimarekani mwenye asili ya Ireland. Jina likifika salama baada ya hapo ni ajabu.

Herufi zenyewe zinataka subira. Kipolandi kina herufi ambazo Kiingereza hakina: ł yenye mkwaju, ą na ę zenye mkia, ó, ś, ź, ż, ć, ń. Masikio ya Kiingereza yanaisikia ł kama w, na ą kama "on", au "om" ikifuatwa na b au p. Nayo w ya Kipolandi hutamkwa v, na j hutamkwa y. Ndiyo maana Dąbrowski ukilitamka mbele ya mtu asiyejua Kipolandi ataandika Dombrovski, na ukimwonyesha limeandikwa bila kulitamka ataandika Dabrowski. Hayo ni makundi mawili makuu, la sikio na la jicho, na karibu kila umbo la jina niliona limo katika mojawapo. Kuna na kundi la tatu, la waliokuja juzi kunakili majina ya kale kuyaingiza kwenye kompyuta. Hao mkia wa ą wanauona kama q, wanaandika Dqbrowski. Mkwaju wa ł wanauona kama t, na Michał anakuwa Michat.

Hapa ndipo mfumo wa Soundex ulipotuzungusha. Soundex ulipata hataza Marekani mwaka 1918. Unabakiza herufi ya kwanza ya jina, kisha unageuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu, ili majina yanayosikika sawa yakae faili moja. Faharasa ya maombi ya uraia ya Illinois ya kaskazini, ambayo inafika hadi mwaka 1950, imepangwa hivyo. Sasa piga hesabu: Dabrowski ni D162. Dombrowski, kwa sababu ya ile m iliyoingia, ni D516. Mfumo uliotungwa kuwakutanisha ndugu unawatenga, na mtu anaweza kukaa kwenye D162 hadi kesho akiamini babu yake hakuwahi kuomba uraia. Mwaka 1985 Gary Mokotoff na Randy Daitch walitunga mfumo mwingine unaozingatia majina ya Ulaya Mashariki, na tovuti inayoutumia ni msaada mkubwa. Kama haupo, mimi hutumia alama ya nyota mahali pa kila irabu ninayoitilia shaka. Niliandika D*br*sk* na yale maumbo yote niliyoyataja pale juu yakaja kwa pamoja, pamoja na ya Wapolandi wengine wengi wa Chicago wasiotuhusu.

Hapo ndipo unapogundua kwamba kulipata jina siyo kumpata mtu. Majina kama Dąbrowski, Nowak, Wójcik na Kowalski yamejaa Polandi nzima. Unamhitaji mtu mwenyewe pamoja na waliomzunguka: mke, ndugu, wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, namba ya nyumba, kijiji. Jina la ukoo likiyumba, hao wengine hawayumbi wote kwa pamoja.

Kwetu sisi kufuli lilifunguka parokiani. Wapolandi wa Chicago walijenga parokia zao wenyewe, ya kwanza ikiwa ya Mtakatifu Stanislaus Kostka iliyoanzishwa mwaka 1867, na mapadri wake walikuwa Wapolandi. Mtu anayehangaika na karatasi za serikali peke yake anajinyima. Ofisi ya serikali iliandika ilichosikia. Padri wa Kipolandi aliandika anachokijua. Madaftari mengi ya kale ya parokia za Chicago yamepigwa picha na yanapatikana kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch. Mle ndani, kwenye ndoa ya 1906, nikaiona kwa mara ya kwanza ą yenye mkia wake: Adalbertus Dąbrowski, mwana wa Joannes na Marianna, na jina la ukoo wa mama likiwa limeandikwa wazi, Wiśniewska.

Adalbertus ndilo jina la Kilatini ambalo Kanisa humpa kila Wojciech. Tangu hapo Albert wa sensa na Adalbert wa kadi ya jeshi wakawa mtu mmoja. Majina ya kwanza yana desturi zake, na anayezijua anaokoa muda mwingi. Stanisław huku alikuwa Stanley, Stanisława akawa Stella, Czesław akawa Chester, Mieczysław akawa Mitchell, Jadwiga akawa Harriet au Hattie. Babu yake mume wangu, mwana wa huyo Wojciech, ambaye ukoo mzima ulimjua kama Walter, alibatizwa Ladislaus kwa Kilatini, yaani Władysław. Mama mkwe wangu alinyamaza nilipomwonyesha. Aliishi na baba mkwe wake huyo nyumba moja kwa miaka, akampikia, akamuuguza, na hakuwahi kulisikia jina hilo.

Niseme kidogo kuhusu wanawake, maana wengi huwapotezea hapa. Nilipokuwa mwanafunzi Tengeru tulizoea kupita karibu na makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 pale, wengi wakiwa wanawake na watoto waliohamishwa na Wasovyeti kupelekwa Siberia na Kazakhstan, kisha wakatokea Iran hadi Afrika Mashariki. Hao hawana uhusiano na wakwe zangu. Lakini kwenye mawe yale majina ya wanaume yanaishia -ski na ya wanawake -ska, na hilo lilinikaa kichwani tangu utoto. Ndivyo Kipolandi kilivyo: mume ni Dąbrowski, mke na binti ni Dąbrowska. Kwa majina yasiyo na -ski, madaftari ya zamani yaliongeza vipande vingine. Mke wa Nowak aliandikwa Nowakowa, binti yake ambaye hajaolewa Nowakówna. Makarani wa Prusia na wa Marekani hawakuwa na habari na hayo, wakawaandika wanawake wote -ski. Ukitafuta bibi kwa umbo moja tu la jina, nusu ya maisha yake huioni.

Kijiji ndicho kilichotutoa jasho. Daftari la ndoa lilitaja jimbo la Płock tu. Orodha ya meli ya Wojciech, ya 1903, ilikuwa na kijiji kilichoandikwa vibaya kiasi cha kutosomeka. Aliyetuokoa ni ndugu yake. Mtoto wa pili wa Wojciech alibatizwa mwaka 1909, na msimamizi wake aliandikwa Franciszek Dąbrowski. Tukamfuata huyo Franciszek kama tunavyomfuata Wojciech mwenyewe, tukampata ameshuka New York masika ya 1909 kutoka Bremen, ameandikwa Franz Dombrowsky kwa mkono wa Kijerumani. Nchi: Urusi. Safu ya pembeni, ya kabila: Mpolandi. Anakwenda kwa nani? Kwa kaka yake, Chicago, na anwani iliyoandikwa ni ileile ambayo sensa ilimkuta Wojciech mwaka uliofuata.

Kilichonifanya nisimame kitini ni safu nyingine. Tangu 1907, orodha za abiria zilitakiwa kutaja jamaa wa karibu aliyebaki alikotoka msafiri, pamoja na anwani yake. Mwaka 1903 safu hiyo haikuwepo. Mwaka 1909 ilikuwepo, na mbele ya jina la Franciszek kuna mama: Marianna, Nowa Wies, Plock. Ningebaki na karatasi za Wojciech peke yake ningekuwa bado naziangalia mpaka leo. Ndugu, dada, binamu, hata jirani waliopanda naye meli moja, wote wafuate. Aliyechelewa kusafiri mara nyingi ndiye aliyeulizwa maswali mengi zaidi.

Nowa Wieś ni jina la vijiji vingi mno Polandi, kwa hiyo kazi haikuisha. Lakini sasa tulikuwa na wanandoa wawili, Dąbrowski na Wiśniewska, na eneo. Wapolandi wana hazina iitwayo Geneteka, faharasa inayojengwa na watu wa kujitolea wa chama cha nasaba cha Polandi, na ni ya bure. Unachagua mkoa wa leo, unaandika majina mawili ya ukoo kwa pamoja, na inakutolea ndoa na vizazi ambamo majina hayo yamekutana. Jina moja peke yake lilileta watu wasiohesabika. Majina mawili pamoja yakaleta familia chache, na moja kati ya hizo ilikuwa na Wojciech, Franciszek na dada zao ambao hatukuwahi kuwasikia.

Picha ya daftari la 1879 ninayo mbele yangu ninapoandika. Ukurasa una mistari ya wino uliofifia, herufi za Kirusi zimelala upande mmoja. Pembeni kushoto, namba ya kizazi na jina la kijiji. Kwa msaada wa orodha ya maneno ya Kirusi yanayorudiwarudiwa katika madaftari haya, nilisoma polepole: alifika Jan Dąbrowski, mkulima, mwenye umri wa miaka kadhaa, pamoja na mashahidi wawili, akatuonyesha mtoto wa kiume, akisema amezaliwa na mke wake halali Marianna, ukoo wa Wiśniewski. Tarehe zimeandikwa mbili, 11 na 23 Aprili, kwa sababu Urusi ilikuwa ikifuata kalenda ya zamani iliyobaki nyuma kwa siku 12. Tarehe 23 Aprili ni sikukuu ya Mtakatifu Wojciech, na mtoto akapewa jina la siku yake. Kadi ya jeshi ya Chicago nayo inasema 23 Aprili 1879. Tarehe ilivuka bahari bila kuguswa, jina ndilo lililobadilika njiani.

Padri aliandika Домбровски kwa Kirusi, kisha mara baada yake, ndani ya mabano, akaliandika tena kwa herufi za kwao: Dąbrowski. Madaftari mengi ya kipindi hicho yana mabano hayo. Serikali ilitaka Kirusi, padri akatii, na bado akahakikisha jina la mtu halipotei. Namshukuru padri huyo kwa moyo wangu wote. Angalia pia kwamba Kirusi, kwa kukosa ą, kilikwisha kuandika "om" mwaka 1879. Ile m ya Dombrowski ambayo familia iliwalaumu Wamarekani kwayo ilikuwepo kijijini siku ya ubatizo.

Halafu inakuja sentensi ya mwisho, ambayo iko karibu kila ukurasa wa daftari lile: andiko hili limesomwa mbele ya mtoa taarifa na mashahidi, na kwa kuwa hawajui kuandika, tumetia sahihi sisi peke yetu. Jan Dąbrowski hakuwahi kuliona jina lake kama kitu cha kuandikwa kwa njia hii au ile. Alilitamka tu, na wenye kalamu wakaandika. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili. Ni nani kati yetu hana shangazi ambaye ni Mariamu kwenye cheti kimoja, Mariam kwenye cha pili na Maryam kwenye cha tatu, na kila kimoja kina muhuri?

Nikairudia kadi ya 1918. Kwa muda mrefu nilikuwa nimesoma kile tu kilichonakiliwa kwenye faharasa, Adalbert Dumbrosky. Safari hii nilifungua picha yenyewe na kushuka hadi chini kabisa, mahali ambapo mwandikishwaji alitakiwa kutia sahihi. Karani kaandika kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo. Chini yake, kwa mkono mzito, herufi moja moja zikiwa zimesimama mbalimbali, mtu mwingine ameandika: Wojciech Dabrowski. Mkia wa ą haupo. Lakini Albert hayupo, Adalbert hayupo, na Dumbrosky hayupo. Baba yake hakujua kuandika hata herufi moja. Yeye akiwa na miaka 39, katika mji ambao kila ofisi ilimwita inavyotaka, aliandika jina alilopewa na mama yake. Nawasihi wanaotafuta wazee wao wasitosheke na faharasa. Fungueni picha, shukeni hadi kwenye sahihi. Maombi ya uraia nayo yana sahihi. Pale ndipo mtu anapojiandika mwenyewe.

Bibi, mke wa Wojciech, bado yuko njiani. Yeye ni wa upande wa Poznań, ukoo wa Wesołowski, na kumbukumbu zake ni za Kijerumani, zilizoandikwa kwa ule mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Kuna mradi mzuri uitwao Poznań Project unaokusanya ndoa za karne ya 19 za eneo hilo, na nimeshawapata wanandoa wawili wanaoelekea kuwa wazazi wake. Sijawaingiza kwenye mti wa ukoo. Umri unalingana na majina yanalingana, ila sijapata ndugu hata mmoja wa kuwafunga kwa bibi yetu wa Chicago. Kaka yake mdogo huku Marekani aliishia kuitwa Wesley, na nadhani kupitia yeye nitafika. Nasubiri nakala ya cheti chake cha kifo.

Katika mti wenyewe nimeamua kila mtu aandikwe kama alivyoandikwa siku ya ubatizo wake, na chini ya jina hilo niorodheshe maumbo mengine yote, kila umbo na mwaka wake na aina ya karatasi lilikotoka. Mume wangu alipendekeza tuyafute yale yaliyokosewa ili watoto wasichanganyikiwe. Nilimkatalia. Mjukuu wetu akija kumtafuta Wojciech katika sensa ya 1910, atahitaji kujua kwamba pale anaitwa Albert Dambroski.